Kumtafuta Mume Wetu wa Keya

Jumatatu, 2 Oktoba 1961, Likoni

Leo Bibi yangu ameposwa. Nimeandika, nimesoma tena, na bado siamini. Mimi Mastura, mwalimu wa darasa la pili, mwenye miaka ishirini na mitatu na meno yote kinywani, sijaposwa na mtu tangu Maulidi. Yeye Bi Mwanarehema, mwenye miaka sitini na ushei, kaposwa leo baada ya alasiri, ukumbini kwetu, mbele ya macho yangu.

Aliyeposa ni Mzee Bakari mshona kofia. Hakutuma mshenga, anasema washenga wa rika lake wote wameshakwenda mbele ya haki. Alikuja mwenyewe na kanzu iliyopigwa pasi, akanywa kahawa, akakohoa, akasema:

"Mwanarehema, nimefiwa na mke, wajua. Wanangu wa Vanga wanitaka nikakae kwao. Nimewaahidi nitakwenda mvua za vuli zikisha. Lakini ukinikubali, siendi popote."

Bibi alikuwa akishona makuti. Hakuinua hata kichwa.

"Bwana Bakari, mimi ni mke wa mtu."

Mtu mwenyewe ni babu yangu, Mwidani bin Faki, aliyeingia Keya, jeshi la Mwingereza, katika vita vya kwanza vya Mjarumani. Alikwenda kupigana Tanganyika, akamwacha Bibi na mimba ya mama yangu. Hakurudi, wala habari yake haikurudi. Mama amezaliwa, amekua, ameolewa Tanga, amenizaa mimi na kunileta hapa nilelewe, na Bibi bado ni mke wa mtu! Zamani kadhi mmoja alimwambia yuko tayari kumwachisha, maana mume akipotea muda mrefu hivyo huhukumiwa amekufa. Bibi akamjibu, "Mimi siolewi kwa kukisia, Shekhe."

Mzee Bakari akavaa viatu, akaaga vizuri. Alipofika uani akageuka. "Basi na itafutwe habari yake kwa yakini," akasema. "Jeshi huandika. Mzungu huandika hata vijiko."

Nampenda mzee huyu. Nimeamua kumtafuta babu mimi mwenyewe, na nimenunua daftari hili niandike nitakayoyaona. Mvua hazijaanza, nafasi ipo.

Jumanne, 3 Oktoba

Nimemwambia Bibi, "Namtafuta mume wetu." Kwa utani wa bibi na mjukuu mimi ni mke mwenzake, na tangu utotoni hugombana naye juu ya bwana ambaye sijapata kumwona.

"Mke mwenza we, hata harufu yake huijui, wivu wa nini?"

"Nipe habari zake, niandike jeshini."

Akafikiri. "Mwidani bin Faki, wa Likoni. Mrefu. Mcheshi. Basi."

"Basi ndiyo nini?"

"Nilikaa naye miezi saba tu, Mastura. Wataka nikupe kitabu?"

Jumamosi, 7 Oktoba

Nimevuka kivuko, nikafika mpaka Changamwe kwa Sajini Gershom. Ni Mrabai, alipigana Burma katika vita vya pili, na sasa ana kijiofisi karibu na barabara ya Magongo anakosaidia askari wa zamani na jamaa zao. Ofisi ni meza moja na kalenda, lakini mwenyewe anaiita kambi.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba! Simama sawasawa! Jina la askari! Kikosi! Nambari!"

Nilisimama sawasawa, Mungu anisamehe. Nikasema jina ninalo, kikosi ni Keya, nambari sina. Akavua miwani kwa huzuni. Anasema jeshini mtu ni nambari, jina ni la mamake. Lakini atamwandikia karani wa kumbukumbu za kikosi huko Nairobi. Akaniuliza babu alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema mcheshi. Akasema hilo haliandikwi.

Jumanne, 10 Oktoba

Mvua imeanza. Darasa langu linavuja juu ya meza yangu tu.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mzee Bakari alipita baada ya sala. "Kuna habari?" Hakuna. "Alhamdulillahi kwa kila hali," akasema. Sijui alikuwa anashukuru nini. Amemletea Bibi mwavuli aliouziba kwa kitambaa cha kofia. Bibi amesema wa nini, na mvua ikanyesha, na akautumia.

Alhamisi, 19 Oktoba

Majibu! Sajini amenitumia kwa mtu wa kivuko. Hakuna Mwidani bin Faki wa Likoni katika vikosi vya Keya vya vita vile. Yupo Faki bin Mwidani wa Lamu, mpishi, aliyeachishwa kazi mwaka wa ishirini akiwa mzima wa afya.

Nikamsomea Bibi. "Huyo si wetu," akasema. "Mume wetu hata maji hajui kuyachemsha."

Kisha akaongeza, bila ya kuulizwa, "Labda hakuwa Keya. Labda alikuwa Kariakoo, wale wapagazi." Mbona hakusema mapema?

Jumamosi, 21 Oktoba

Changamwe tena. Nilipotaja upagazi, Sajini alisimama. "Binti, juzi alikuwa askari, leo amekuwa mpagazi! Kesho atakuwa punda?" Lakini ameandika.

Jumatano, 25 Oktoba

Mvua. Wanafunzi wangu nusu wamebaki nyumbani. Waliokuja wamekuja kwa sababu kwao kunavuja kuliko shuleni.

Ijumaa, 3 Novemba

Upagazini hayumo. Bibi amekumbuka sasa kwamba huenda alijiita Sefu.

Mzee Bakari amepita. "Kuna habari?" Nikamwambia ya Sefu. Akamwangalia Bibi kwa muda, kisha akacheka kidogo, akaenda zake.

Jumatatu, 6 Novemba

Nilimwona Sajini sokoni Mwembe Tayari. Nilipomtajia Sefu akanunua ndizi kwa hasira.

Jumapili, 12 Novemba

Mvua haijakoma tangu Alhamisi. Watu wanasema huko bara mito imepasua kingo, barabara imekatika, na reli nayo imekatika. Kwa hiyo barua za Nairobi haziji, na zetu haziendi. Barazani wazee hawaachi kubishania Mwambao: tuungane na Kenya, tusiungane, tubaki na Sultani. Bibi amepita na mzigo wake wa makuti akawaambia, "Reli yenyewe imekatika, na nyie bado mwauliza kama tuungane!" Wamecheka, na mmoja wao amenunua makuti.

Ijumaa, 17 Novemba

Mtoto wa Mzee Bakari amefika kutoka Vanga, mtu mzima mwenye adabu. Amesema mvua zikipungua tu atakuja na gari kumchukua baba. Mzee ameanza kufunga vitu vyake. Nilipita nikaona vibao vyake vya kofia vimepangwa kwenye kikapu.

Nikamweleza Bibi. Akasema, "Safari njema." Kisha akapika mchuzi wenye chumvi hata paka akarudi nyuma.

"Bibi, wampenda?"

Alinitupia kata ya maji. Sikulowa sana. Lakini niliona uso wake kabla hajageuka, na tangu hapo sina raha. Kumbe hili si jambo la Mzee Bakari peke yake. Bibi anataka kuolewa, na hawezi, mpaka jeshi liseme.

Jumanne, 21 Novemba

Leo nataka kuandika mpaka mafuta ya taa yaishe.

Nilikuwa nimepanga kuwapeleka watoto wa darasa langu Kilindini waone meli kubwa. Baba wa mtoto mmoja wa Kidigo alikubali, akaweka sahihi yake vizuri kabisa. Leo asubuhi akaja mlangoni mtu mwingine, kofia upande, amekasirika.

"Mwalimu, nani kakupa ruhusa ya kumvusha mtoto bahari?"

"Babake."

"Babake! Babake ni mume wa dadangu, nampa heshima yake. Lakini mtoto ni wangu, mimi ndiye mjombake. Akizama, ukoo utaniuliza mimi, si yeye."

Nikamtuliza. Nikamwambia kwamba mimi mwenyewe ni Mdigo, namwelewa, ila siku hizi baba ndiye huandikwa.

"Siku hizi," akasema. "Zamani ungemtaja baba wangekucheka. Mtu huulizwa, we wa nani? Husema, mimi wa mjomba fulani."

Chaki ikanianguka mkononi. Subhanallah! Nimemtafuta babu kwa jina la baba yake muda wote huu, naye aliingia jeshini zamani hizo! Mzungu alipomuuliza "wewe wa nani?", angemtaja Faki kwa nini? Angemtaja mjombake, mkubwa wake wa kuukeni, upande wa mama, ambaye ndiye mwenye haki naye akifa au akipona. Mdigo gani wa wakati ule angejibu vingine? Nilimpa yule mjomba mkono kwa nguvu mpaka akashtuka. Nimemwahidi mtoto wake atavaa boya.

Mchana nikaja mbio.

"Bibi! Mjombake Mwidani akiitwa nani?"

"Nimesahau."

Bibi yangu! Bibi ambaye mpaka leo anamdai mwenye duka nazi mbili za mwaka niliozaliwa, amesahau mkwewe! Nikasimama uani nikimtazama, naye akatazama makuti yake. Mwezi na nusu mtu huyu amekuwa akinizungusha: mara mpagazi, mara Sefu. Sikujua kwa nini, lakini sasa nilijua ananizungusha.

Na hapo mkwezi wetu akapiga kelele juu ya mnazi, akimjibu mwenzake wa shamba la pili: "Niko huku, Kwa Matano!"

Kwa Matano. Hilo ndilo jina la shamba letu. Nimekaa hapa tangu nina miaka saba, nimeelekeza wageni, "njooni Kwa Matano", na hata siku moja sikuuliza Matano ni nani. Na ni mwalimu mimi, nafundisha watoto kuuliza maswali.

Jumatano, 22 Novemba

Nimekwenda Changamwe kabla ya shule. Sajini alianza kufoka, lakini niliposema "Mwidani wa Matano, mjomba wake", akajipiga paji la uso. Kwa kuwa reli haipiti, amepeleka simu ya maandishi. Ameilipia mwenyewe na hataki kusikia neno.

Sijamwambia Bibi.

Ijumaa, 24 Novemba

"Kuna habari?" "Bado, Mzee." Leo alikaa muda mrefu kuliko kawaida. Yeye na Bibi wamezungumza juu ya bei ya nazi kama watu wanaoagana.

Alhamisi, 30 Novemba

Shule imefungwa. Mvua imepungua. Kwa mara ya kwanza maishani naomba mvua iendelee.

Jumanne, 5 Desemba

Jua siku nzima. Wallahi nimelitukana.

Jumamosi, 9 Desemba

Kutwa redio zote za Likoni zinaimba Tanganyika, Tanganyika. Wenzetu wamepata uhuru leo. Bibi alikuwa Mtongwe na makuti yake. Mimi nilikuwa nafua.

Akatokea Sajini Gershom, kofia ya jeshi kichwani, nishani kifuani, viatu vinang'aa pamoja na matope yote haya. Hakunifokea. Nikajua.

"Wamempata," akasema. "Keti, Mastura." Ni mara ya kwanza kuniambia niketi. Yeye alisoma amesimama.

Mwidani wa Matano, Mdigo wa Likoni. Aliandikwa Mombasa mwaka wa kumi na sita. Mrefu, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Hodari wa kwenda kwa miguu. Aliadhibiwa mara tatu, na mara zote kwa kosa moja: kucheka katika mstari wa paredi.

"Kumbe waliandika," nikasema.

"Waliandika," akasema Sajini, na sauti yake haikuwa nzuri. Alikufa hospitali ya jeshi, Lindi, kwa kuhara damu, Desemba ya mwaka wa kumi na saba. Akazikwa hapohapo pamoja na wenzake.

Sajini akavua kofia. Redio ya jirani ikaendelea kushangilia nchi aliyolala babu yangu.

Nilidhani yamekwisha. Bado kulikuwa na mstari mmoja. Oktoba ya mwaka wa kumi na nane, jamaa ya marehemu, Matano, mjomba, alipewa habari ya kifo hiki kwa mdomo, mbele ya mkuu wa mji wa Likoni, akatia alama ya kidole.

Sajini alisoma mara mbili. "Basi habari ilifika," akasema. "Habari ilifika nyumbani kwenu." Akanipa karatasi, akanipigia saluti, akaenda kutafuta kivuko. Mwanamume huyu ana adabu iliyo ndani kuliko kelele zake.

Bibi alirudi baada ya alasiri. Nikamkalisha, nikamsomea. Nilipofika kwenye kucheka paredini akaziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyo. Hata siku ya nikahi yetu alicheka, Shekhe akamngoja." Nilipofika Lindi hakushtuka. Aliinamisha kichwa tu na kusoma Fatiha. Nami nikajua kabla sijafika mstari wa mwisho.

"Bibi, ulijua."

"Nilijua."

Nilikasirika. Naandika wazi: nilikasirika mpaka nikasimama. Safari zote zile za Changamwe! Sefu! Sajini kununua ndizi! Na Mzee Bakari amekaa mguu mmoja nje mguu mmoja ndani! Nikamwambia maneno ambayo mjukuu hamwambii bibi. Akaningoja nimalize, akanivuta nikae.

"Sikiliza kwanza, mke mwenza. Wakati ule mume akifa, mjane hurithiwa. Ndugu wa kuukeni ndiye humchukua. Wa kunichukua mimi alikuwa ndugu mkubwa wa Mwidani, mtu wa wake watatu na fimbo. Mke wake wa kati alikuwa hasikii sikio moja, na si kwa maradhi. Mimi nina miaka ishirini, na mama yako ndiyo kwanza anatembea.

"Matano akaja shambani akanikuta napalilia mihogo. Mzee mzito, mkubwa wa ukoo. Yeye ndiye angekaa barazani anigawe. Akaniambia, 'Mwanangu, Mwidani hayuko tena. Nikilisema hili leo, kesho utakuwa wa yule. Mimi ndiye mlinzi wa mila hii, na moyo wangu umekataa. Nifanyeje?' Nikamwambia, 'Mjomba, nyamaza.' Alinyamaza. Alinipa kipande hiki cha minazi nikae mbali nao, akanyamaza mpaka akaingia kaburini."

"Na eda? Hukumkalia babu eda?"

"Nilimkalia, ijapokuwa siku zake zilishapita! Mwaka ule ilikuja ile homa kubwa iliyoua watu kila nyumba. Nikasema naumwa, nikajifungia. Walioniona nimekonda na macho mekundu walidhani ni homa. Nilikaa eda yangu yote, hakuna aliyejua ila Mungu na Matano."

Nililia hapo. Na yeye alilia, lakini kidogo, kama mtu aliyelilia jambo hili siku nyingi akalimaliza.

"Kisha nikaona," akasema, akijifuta, "mume wa namna hii hana kero. Wakija kuniposa: mimi mke wa mtu. Wakitaka kunipangia shamba langu: mngojeni mume wangu. Nimeuza nazi zangu, nimejenga, nimewasomesha wewe na mamako. Natoka nitakapo, narudi nitakapo, hakuna wa kuniuliza. Mwidani alinilinda kuliko waume walio hai."

"Na Mzee Bakari?"

Akaikunja ile karatasi ya jeshi.

"Huyo ndiye taabu. Huyo nampenda, Mastura. Nampenda wallahi, utu uzima wote huu. Lakini nimwambieje? Kwamba nimemdanganya yeye na Likoni nzima? Na nikishaolewa, nitaanza kuulizwa, waenda wapi, watoka wapi, mbona umechelewa? Naogopa yote mawili."

"Kwa hivyo ukanipeleka upagazini."

"Nilitaka uchoke. Hukuchoka. Umerithi kwangu."

Tukacheka, Mungu atusamehe, siku hiyohiyo ya msiba.

Jumapili, 10 Desemba

Bibi aliamka, akavaa buibui jipya, akasema, "Nifuate, usiseme kitu." Tukaenda kwa Mzee Bakari. Mizigo yake ilikuwa imefungwa mlangoni. Mtoto wake atafika kesho. Alikuwa akishona kofia ya mwisho, na wateja wawili wameketi wanaingoja. Nilidhani Bibi atawangoja waondoke. Hakuwangoja.

"Bwana Bakari, mume wangu alikufa Lindi katika vita vile. Karatasi ya jeshi Mastura anayo. Lakini mimi sikuingoja karatasi. Nilijua tangu mwaka wa homa kubwa, nikanyamaza kwa sababu zangu, nitakueleza ukitaka. Nimekudanganya. Nimekuja kusema hivyo, nawe una haki ya kwenda Vanga."

Wale wateja walitazama chini. Mzee Bakari akachomeka sindano kwenye kofia, akaiweka pajani.

"Tangu mwaka wa homa kubwa?"

"Tangu hapo."

"Basi, Mwanarehema," akasema, "mimi kila Ijumaa nimekuwa nikimwombea mumeo arudi salama. Maana si vizuri mtu kumtamani mke wa mwenzake bila ya hata kumwombea. Nikisema, Ya Rabi, mrudishe mja wako Mwidani kwa ahali zake." Akaitengeza kofia pajani. "Lakini usimharakishe."

Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya mzigo wa nguo. Wateja wakacheka. Mzee Bakari alicheka mpaka akatoa machozi, na sidhani yote yalikuwa ya kucheka.

Kisha Bibi akasimama, akajitengeza. "Washenga wangu nami wamekufa. Nakuposa mwenyewe. Utakuja kukaa kwangu, siendi kwako. Minazi yangu, biashara yangu, na miguu yangu mwenyewe."

"Na mimi?"

"Wewe wangu vilevile."

Mzee Bakari akamtupia mteja mmoja kofia yake. "Chukua, bure," akasema. "Leo sihesabu."

Alhamisi, 14 Desemba

Hitima ya babu. Watu walijaa mpaka uani. Mama amefika kutoka Tanga; Bibi alikaa naye chumbani peke yao kwanza, na walipotoka Mama alikuwa amemshika mkono kama mtoto. Wapo wazee wa ukoo walionuna kwa habari ya Matano. Wapo wanawake wazee waliokuja kumshika Bibi kichwa bila ya kusema neno. Nadhani kila mmoja alikuwa na shemeji wake wa fimbo.

Imamu alipotaka jina la kuombewa, Bibi alijibu kutoka nyuma ya pazia, sauti wazi: "Mwidani bin Faki. Na mjombake, Matano. Watie wote wawili, Shekhe, usiwatenge." Imamu akawatia wote wawili. Sajini Gershom, ambaye si Mwislamu, alikuwa amesimama nje karibu na pipa la maji, na jina la babu liliposomwa akapiga saluti na hakushusha mkono mpaka tulipoitikia amina.

Biriani ilikolea chumvi sawasawa.

Ijumaa, 22 Desemba

Nikahi baada ya sala. Bwana harusi alijibu kwa sauti kubwa mno, Imamu akamwambia si adhana. Nimechoka, miguu yangu imevimba, nina furaha. Nitaandika kesho.

Jumapili, 24 Desemba

Jana sikuandika. Nililala.

Leo asubuhi tulikuwa watatu ukumbini, tunakunywa chai kwa mahamri. Bibi akamaliza chai yake kama kawaida, akajifunga kanga, akaingia kwenye ghala, akatoka na mzigo wa makuti, akaelekea mlangoni.

"Waenda wapi?" akauliza Mzee Bakari.

Nikaacha kutafuna. Bibi naye alisimama hapo mlangoni, ametupa mgongo, mzigo mikononi. Mzee Bakari alimtazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona amegundua alichokisema.

"Mtongwe," akasema Bibi hatimaye, bila ya kugeuka. "Kuna mtu ataka kuezeka jiko. Kutoka huko nitapita kwa shoga yangu, tutapiga soga, na sijui nitarudi saa ngapi."

"Mzigo mzito huo," akasema Mzee Bakari.

"Mzito."

"Nikuchukulie?"

Bibi akageuka. Alimwangalia tangu kofia mpaka miguu kwa muda mrefu, kama anavyoangalia nazi za mtu asiyemjua, kisha akamtwika.

Niliwafuata mpaka njia panda ili nione. Bibi yuko mbele, mikono mitupu, anapunga. Bwana yuko nyuma na makuti kichwani, kanzu ya harusi imeshaingia matope, na kila anayekutana naye, yeye ndiye humwamkia kwanza. Barazani wazee waliacha kubishana. Mmoja akamuuliza, "Bwana Bakari, waenda wapi asubuhi hii?"

"Sijui," akasema Mzee Bakari. "Muulizeni yeye."